Las Meninas iliyochorwa mwezi uliopita: sanaa au feki?

Fundi Fremu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Natengeneza fremu, niko Dar. Juzi mteja kaniletea turubai iliyoviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Kuikunjua: nakala ya Las Meninas, ile picha ya familia ya mfalme wa Hispania aliyoichora Diego Velázquez mwaka 1656. Bintimfalme Margarita kasimama katikati, wahudumu wanamzunguka, mbwa kajilaza, mchoraji mwenyewe yupo na brashi yake, na wazazi wa mtoto wanaonekana kwenye kioo tu, kwa mbali. Ya asili iko makumbusho ya Prado, Madrid, na inapita mita 3 kwenda juu. Hii ya mteja ilienea kwenye meza yangu na kikombe cha chai kikapata pa kukaa. Kibanda kizima kilijaa harufu ya mafuta ya rangi. Penye gauni jeupe, palipopakwa nene, kidole kilinata.

Jirani yangu mchoraji akachungulia, akasema, "Feki hiyo." Mteja akanuna. Nikabaki nimeshika futi yangu.

Mimi nasema nakala ya mkono si feki. Inageuka feki pale aliyeichora anapofichwa. Nyuma ya turubai paandikwe nani kachora, lini, na kutoka picha ipi. Karibuni, hata wa kunipinga.

Brashi Kavu

Mkuu, nakupinga. Kunakili ili ujifunze, sawa. Louvre, makumbusho ya Paris, wanaruhusu wanakili tangu 1793, ila kwa masharti: nakala isilingane ukubwa na ya asili, na sahihi ya mwenyewe usiiguse. Mnakili wa Louvre anakaa mbele ya picha yenyewe, wiki baada ya wiki. Sasa nenda Dafen, kijiji cha Shenzhen, China, ambako Huang Jiang alifika na wachoraji wake mwaka 1989 na biashara ya nakala ikakua mpaka ikawa uchumi wa mtaa mzima. Wengi wanachora kwa kutazama picha iliyochapishwa. Macho ya Margarita mtu wa Dafen ameyachora mara ngapi, na hajawahi kusimama mbele yake hata mara moja?

Mama Kumbukumbu

Brashi Kavu, taratibu mwanangu. Kuna picha tungezisikia kwa jina tu kama si wanakili. Mchoraji Hans Holbein alichora familia ya Thomas More, mwanasiasa wa Uingereza, miaka ya 1520: More, baba yake, mabinti, hadi mchekeshaji wa nyumbani. Picha ile iliteketea kwa moto karne ya 18. Kilichobaki ni mchoro wake wa maandalizi, uko Basel, Uswisi, na nakala alizochora Rowland Lockey miaka 60 na kitu baadaye. Nakala yake ya 1593 iko National Portrait Gallery, London, na hiyo ndiyo naipenda zaidi. Lockey kawatoa baadhi ya watu wa Holbein, kamweka mjukuu wa More na mkewe, na vitukuu. More alikatwa kichwa 1535, vitukuu hao hawakumwona kabisa, lakini humo wote wamo chumba kimoja.

Siku hizi wapo wanaoagiza nakala ya picha ya kifalme na kuomba sura ya mtoto wao ipachikwe humo. Wanaowacheka wajue ombi hilo ni la zamani.

Chui wa Msasani

Huku kwetu mbona hatugombani? Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa picha za Tingatinga, kafariki 1972, na hadi leo chui yule yule anachorwa, tausi yule yule. Ila kila mmoja anatia jina lake pale chini.

Brashi Kavu

Si kweli kwamba hatugombani, ndugu. Mwulize aliyebuni mtindo wake, akaukuta umejaa kwenye duka la jirani asubuhi yake.

Wakili Mstaafu

Kisheria hakuna kesi. Kwetu hakimiliki inaishi na msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, Ulaya 70. Velázquez alifariki 1660. Kosa linaanza muuzaji anaposema "imechorwa kwa mkono" kumbe imechapishwa.

Fundi Fremu

Hapo kwa Wakili nina ushahidi, maana zinapita mezani kwangu. Wanachapisha kwa mashine, halafu wanapitisha jeli kwa brashi ili ikwaruze kidole. Shika lenzi. Ukiona vitone vidogo chini ya jeli, umeuziwa karatasi ya bei mbaya. Na ufuate michirizi ya brashi: kwenye kazi ya kweli mchirizi unazunguka shavu, unashuka na mkunjo wa gauni. Ya jeli inakata shavu, inapita na ukuta, inaendelea zake.

Ya mteja wangu nimeikagua, ni ya mkono. Mbwa ametoka vizuri kuliko watu, aliyemchora anajua mbwa. Nikamwomba mteja amwandikie muuzaji, apate jina. Jibu limekuja jana: namba ya oda.

Fremu imekwisha. Nyuma nimeandika kwa penseli: *Nakala ya Las Meninas ya Velázquez. Imechorwa na* — nikaacha mstari.

Brashi Kavu

Jaza "Dafen" basi, uifunge kazi.

Fundi Fremu

Dafen ni mtaa, mkuu. Namtafuta mtu wa mbwa.