Kodi ya majengo ndani ya LUKU: je, msamaha wa wanyonge uendelee kusubiri kuombwa?

MLETA MADA

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hapa Tanzania inakatwa pale mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, na tangu Julai 2023 kiwango chake ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 na kuendelea, pamoja na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba kodi inajileta yenyewe, ilhali msamaha hauji mpaka uufuate, na anayeshindwa kuufuata ndiye hasa aliyekusudiwa.

Mama yangu ana miaka 71 na anaishi katika nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na marehemu baba. Ananunua umeme wa shilingi elfu mbili kila anapopata. Katika ununuzi wa kwanza wa mwezi, shilingi 1,500 hutangulia kuondoka, na mia tano inayobaki, kwa bei ya mtumiaji mdogo, humpa uniti nne badala ya kumi na sita. Tokeni, yaani namba ya kuingiza kwenye mita, ni ileile ya tarakimu ishirini, na yeye huniomba nimsomee mara mbili akidhani nimekosea. Niliandika barua ya kuomba asamehewe kodi, nikaipitisha serikali ya mtaa, nikaambatisha nakala ya kitambulisho chake cha taifa, na nauli za kwenda na kurudi mara tatu zikaipita kodi ya mwaka mzima, ambayo ni shilingi 18,000. Karani niliyemkuta alikuwa mtu muungwana. Alinieleza tu kwamba jina lililosajiliwa kwenye mita ni la marehemu, hivyo tuanze na mirathi.

Tarehe ya kuzaliwa ya mama serikali inayo. Kwa nini basi mfumo unaojua kumkata usijue kumwacha?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, mpe mama pole na shikamoo zangu. Hata hivyo siungi mkono msamaha wa moja kwa moja. Shilingi hamsini kwa siku ni ndogo, na mitaro inayoziba kila masika haizibuliwi kwa huruma. Siku mfumo utakapomsamehe kila mita yenye jina la mzee, wajanja watahamishia mita zao kwa bibi zao kabla jua halijatua, na tutashangaa jinsi mji mzima ulivyozeeka kwa wiki moja.

Dhuluma ninayoiona mimi iko kwenye kiwango mfuto, yaani kimoja kwa wote. Jumba la chini lenye bustani na magari manne kule Mbezi Beach linakatwa 1,500, na chumba na sebule cha Tandale kinakatwa hizohizo 1,500, kwa sababu tu yote mawili si maghorofa. Turudi kwenye uthamini wa kila jengo, mwenye jumba alipe kwa kadiri ya jumba lake, na wa chini watapata nafuu bila mtu yeyote kuandika barua.

MCHANGIAJI WA PILI

Kaka zangu, mnazungumza kana kwamba anayelipa ni mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji Manzese. Tuko vyumba sita, mita moja. Tunachangishana umeme kwa zamu, na ambaye zamu yake imeangukia mwanzo wa mwezi ndiye anayeimeza kodi ya jengo ambalo hana hata tofali moja ndani yake. Tuliambiwa tangu mwanzo kwamba mpangaji amalizane na mwenye nyumba wake. Wa kwetu, nilipomgusia kuhusu kupunguza kwenye pango, alijibu kwamba kodi ni ya anayewasha taa, na mwezi uliofuata nilikaa kimya kwa sababu chumba ninakihitaji.

Wapo wanaoshauri unafuu ufuate matumizi, yaani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi asikatwe. Hilo litamfaa mama wa mleta mada. Sisi familia sita kwenye mita moja tunazipita uniti 75 kabla mwezi haujafika nusu, na kwenye karatasi tunaonekana matajiri.

MCHANGIAJI WA TATU

Mbona TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wanalo daftari la kaya maskini? Wenye majina humo wafutiwe, mambo yaishe.

MLETA MADA

Dada wa Manzese amenirekebisha, nami nakubali: nilikuwa nikimtazama mwenye nyumba maskini na kumsahau mpangaji aliye maskini zaidi. Daftari la TASAF ni mwanzo, ila mama hayumo, na wazee wengi wa mtaa wetu hawamo.

Uthamini siupingi, ingawa ni kazi ya miaka, na hofu ya udanganyifu naielewa. Lakini udanganyifu unazuilika pale watu wanapojuana. Mjumbe wetu anajua nani anaishi wapi, nani mzee, nani amepangisha na nani analala peke yake. Orodha ikisomwa mara moja kwa mwaka kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya majirani wasiopenda kulipa huku mwingine akisamehewa kwa hila, sioni bibi wa kubuni atapenya vipi. Orodha hiyo ipelekwe na mtaa wenyewe kwa mkusanya kodi, na mzee asitakiwe kupanda daladala. Kwa wapangaji, makato yaandikwe kwenye mkataba kuwa sehemu ya pango, na ujumbe wa tokeni utumike kama risiti.

Linalonishinda ni la mirathi. Ndugu wa baba wametawanyika mikoa mitatu, kikao cha ukoo hakijakaa, na mita bado inasoma jina lake. Aliyewahi kuvuka hapo bila kufika mahakamani anieleze alivyofanya.