Nimelipa laki na nusu kumiksiwa ngoma, kufika harusini besi haipo!

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe nikiandika ovyo.

Mie natengeneza biti chumbani kwangu hapa Ngamiani, Tanga. Laptopu, kibodi ndogo, hedifoni, basi. Ngoma hii nimeihangaikia miezi mitatu: midundo ya baikoko, ngoma yetu ya Tanga, nimerekodi mwenyewe, juu yake nikaweka sinthi na besi nzito ya kompyuta. Kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote zikae pamoja, sijiwezi sana, nikasema nisijifanye fundi, nimpelekee mwenye studio. Jamaa ana jina hapa mjini (simtaji). Akataka 150,000, nikampa zote siku hiyohiyo. Hapo nilikosea mie.

Siku mbili baadaye ananipigia: "Njoo uchukue, ngoma imejaa hiyo!" Na kweli mle studio ilijaa, kifua kinatetemeka. Sauti ikipandishwa kiasi kile kila kitu kinasikika kitamu, maana sikio la binadamu huisikia besi zaidi kelele zikizidi. Ilitakiwa apunguze mpaka tuweze kuongea, ndipo tusikilize. Sikusema kitu. Nikashukuru, nikabeba flashi yangu.

Jumamosi harusi ya binamu, Makorora. DJ akaipiga. Midundo ipo, sinthi zipo, sauti ya dada anayeitikia ipo. Besi hakuna. Kina mama wameshafunga kanga viunoni, wamesimama wanatazamana, mmoja anauliza "umekatika?" DJ anahangaika na nyaya, anapandisha kitufe cha besi, hola. Akaweka wimbo mwingine, besi ikarudi kama kawaida. Shangazi akaniletea soda bila kuombwa, nikajua hali ni mbaya.

Usiku huohuo nikaifungua kwenye laptopu. Nikabonyeza mono, yaani kushoto na kulia vichanganywe viwe sauti moja: besi ikapotea vilevile. Nikapindua wimbi la upande wa kushoto, bado kwenye mono: besi ikarudi, kiki (ule mdundo mzito wa ngoma, si ya mitandaoni) na sauti ya dada vikatoweka! Nikaelewa. Jamaa kaitanua besi kwa programu ya stirio, kushoto inapanda wakati kulia inashuka. Kwenye hedifoni inakuzunguka kichwa, raha tupu. Ila spika za harusini ni mono, kushoto na kulia vinamwagwa chungu kimoja, vikafutana. Sauti za chini, tuseme chini ya Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), zinawekwa katikati, sawa kushoto na kulia. Mtu anayelipwa kumiksi hajui hilo? Kitufe cha mono kinamkalia mbele ya macho!

Halafu wimbi lenyewe kulitazama, wakuu, ni tofali. Vichwa vyote vimekatwa, limenyooka mwanzo mwisho. Kipimo cha bure kikasoma LUFS -5 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo, ikikaribia sifuri ndiyo kelele zaidi). Spotify kwa kawaida wanashusha nyimbo hadi LUFS -14, kwa hiyo hizo desibeli 9 alizozipata kwa kubana wimbi kwa limita (programu inayozuia vichwa vya wimbi visipite kiwango) zinaondolewa huko, nabaki na ngoma bapa isiyo na kishindo, ikifuata baada ya wimbo wa mtu mwingine inasikika kama inatoka chumba cha pili. Kelele zimeenda, uharibifu umebaki.

Na kiki inagombana na besi palepale Hz 60. Angeweza kuifanya besi iiname kidogo kila kiki inapopiga, ni kazi ya dakika chache. Sinthi nazo hakuzipunguza sauti za chini hata moja, zote zimerundikana kwenye Hz 200 hadi 400, ndiyo maana kwenye sabufa ya nyumbani ngoma inavuma kama mtu anaongea ndani ya pipa. Huko ndiko anakoita kujaa. Sikilizeni kanda za zamani za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapahapa Tanga: gitaa la besi lina njia yake, mwimbaji ana yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Na hawakuwa na kompyuta wale.

Nilipomwendea ati ananijibu, "Spika za Makorora mbovu, bwana mdogo, hiyo ndiyo saundi ya kisasa." Nikamwonyesha ile ya mono. Kimya. Kisha akataka 50,000 nyingine "ya marekebisho". Nikamwambia basi nirudishie faili za sauti mojamoja alizozisafisha, anasema ni mali ya studio. Midundo niliyopigiwa na wajomba zangu uani kwetu ni mali ya studio!

Sasa kama kuna fundi Tanga mjini atakayekubali nimlipe nusu kwanza, tusikilize pamoja kwenye simu, kwenye sabufa na kwa mono, ndipo nimalizie nusu nyingine, anitumie ujumbe. Mdogo wake binamu naye anaoa mwezi ujao, na DJ ni yuleyule.