Mrejesho: kifaa cha drili cha kung'arishia rimu

Wakuu, niliuliza nifunge nini kwenye drili ili ning'arishe rimu za aluminiamu, sponji au gurudumu la pamba. Nimeishia na vyote. Pamba inafaa ukingo wa nje, ila haiingii katikati ya spoki wala kwenye matundu ya nati. Huko ni sponji ya umbo la koni tu. Spidi iwe ndogo, la sivyo Autosol (dawa ya kung'arishia metali) yote inakurukia shatini.

Aliyeniambia nipime kwanza kwa kusugua rimu na kitambaa cheupe chenye dawa hiyo, asante sana mkuu. Rimu tatu zilikitia weusi, ya nne haikutoa kitu: kumbe ina klia (rangi angavu ya kinga), dawa haigusi aluminiamu yenyewe! Hiyo nimeiosha tu. Mikwaruzo yenye kina bado ipo, inataka msasa wa maji kabla ya drili.