Mrejesho: ncha ya pasi ya kulehemu iliyokuwa ikikataa lehemu
Ndugu mafundi, mwezi uliopita niliuliza kwa nini lehemu, yaani madini ya kuyeyusha ya kuunganishia vifaa vya umeme, ilikuwa haishiki kwenye ncha ya pasi yangu hata nilipopandisha joto hadi nyuzi 450 za Selsiasi, na kama ninunue mashine mpya. Sikununua. Kosa lilikuwa langu, kwani nilikuwa nikiisugua ncha kwa msasa bila kujua kwamba shaba ya ndani hufunikwa na utando mwembamba wa chuma, na kwamba utando huo ukishatoboka, shaba huliwa na lehemu yenyewe. Nimebadilisha ncha tu, nikachagua bapa badala ya ile iliyochongoka kama sindano, kwa kuwa bapa hupeleka joto upesi kwenye sehemu pana za bodi ya saketi. Sasa natumia nyuzi 340 kwa lehemu ya bati na risasi ya 63/37 (asilimia 63 bati, 37 risasi), ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 183. Nasafisha kwa sponji lenye unyevunyevu, na kabla ya kuzima naipaka ncha lehemu mpya ili hewa isiishambulie. Aliyenishauri nizime pasi ninapokwenda kunywa chai alikuwa sahihi, ingawa wakati ule nilimcheka.