Tupeane uzoefu: kopo la kunasa oili kwenye gari ya tabo, Arusha na Moshi

Mleta mada, Njiro
Wakuu, habari za jioni. Nina Subaru Forester ya tabo (turbo, feni inayosukuma hewa kwenye injini), injini EJ20. Nimeshusha intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) nibadilishe mpira uliochanika, nilipoiinamisha ikatoka oili nyeusi inayonuka petroli. Gari haitoi moshi, nguvu ipo. Fundi anasema ni pumzi ya injini: gesi inapenya kwenye ringi za pistoni, inabeba ukungu wa oili, halafu injini inaivuta tena. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, gesi inapita valvu ya PCV (ya kuitoa gesi hiyo) kuingia manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Tabo ikianza kusukuma, valvu inajifunga na gesi inapitia mipira inayoingia kabla ya tabo. Waliofunga kopo la kunasa huo ukungu wa oili, mlilifunga njia ipi na mnakuta nini ndani? Naomba ya kuona, siyo ya kusikia.

Mdau, Sakina
Mimi nina Golf GTI. Hii petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha. Tulipofungua manifodi, masizi yalikuwa yameganda kwenye valvu kama lami, ikabidi yakwanguliwe kwa mkono. Kopo nimefunga baada ya usafi huo, maana masizi yaliyokwisha kuganda haliyatoi. Wewe EJ20 yako nozeli zinapiga nyuma ya valvu, hilo lisikusumbue sana. Jali intakula, na jali injini kugonga (petroli kujiwakia yenyewe ndani ya silinda), kwa sababu ukungu wa oili unapunguza uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo.

Kitu kingine: Juni na Julai, baridi ya asubuhi na safari fupi za mjini, kopo linatoa povu jeupe lililochanganyika na oili. Mara nyingi ni mvuke wa maji tu uliopoa. Angalia maji ya rejeta. Kama hayapungui, usikimbilie kufungua silinda hedi.

Mdau, Pasua, Moshi
Prado yangu ni dizeli, injini 1KD. Huku mpira ni mmoja tu, kutoka kwenye kava ya valvu hadi kabla ya tabo, kwa hiyo kazi ya kufunga ni nyepesi. Shida ya dizeli ni EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini: masizi yanakutana na oili ndani ya manifodi, njia ya hewa inazibika polepole. Nikipandisha Marangu na mzigo, kopo linanasa zaidi kuliko nikikaa mjini. Nimelifunga mbali na tabo, mpira unateremka moja kwa moja hadi kwenye kopo bila kubonyea mahali, oili isisimame njiani.

Fundi, Unga Limited
Wakuu, tazameni ndani ya kopo kabla ya kulipa. Mengi ni matupu: tundu la kuingilia linatazamana na la kutokea, oili inapita kama hakuna kitu. Linatakiwa liwe na vigawanyo au wavu imara wa kuugonga ule ukungu ugeuke matone. Na tafadhali msijaze stilwaya ya kusugulia masufuria. Nyuzi zinakatika, zikivutwa zinaenda kwenye mapanga ya tabo.

Niliwahi kuletewa Subaru iliyofungwa mpira mwembamba, ukajikunja kwa joto. Presha ilikosa pa kutokea, oili ikasukumwa nje kupitia sili ya mbele ya krenki. Mwenye gari alidhani injini imekufa. Njia ya PCV nayo inataka valvu ya upande mmoja na klampu za uhakika, maana hewa ikivuja hapo sailensa inayumba.

Mleta mada, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza. Ringi zikiwa zimechoka, kopo litajaa tu, halitaziponya. Na kinachotoka humo kina maji na petroli, usikirudishe kwenye injini hata kama kinaonekana kisafi.

Mleta mada, Njiro
Shukrani sana, fundi. Naanza na kompresheni, kisha nafunga njia ya kabla ya tabo. Ya PCV itafuata nikipata valvu nzuri. Mpira uwe na upana gani?

Fundi, Unga Limited
Usipungue ule wa kiwandani. Chukua wa kuhimili oili na joto. Wa maji utalainika na kuvimba.