RV: Kulala kwenye shamba la tende jangwani, Dateland au bonde la Coachella?

Mama Salha
Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Tunakodi RV, gari la kusafiria na kulala ndani, kwenda Phoenix, na njiani tunataka kulala usiku mmoja au miwili penye mitende, kama oasisi ya jangwani, si kwenye maegesho ya supamaketi. Nimebaki na mawili: Dateland kule Arizona, au mashamba ya Indio na Thermal, bonde la Coachella, California. Nafasi inatakiwa kulipiwa kabla ya Ijumaa. Wapi kunafaa zaidi kwa familia?

Dereva Masafa
Waalaikum salaam, dada. Mnaanzia wapi? Mwezi gani? Gari futi ngapi? Dateland iko barabara kuu namba 8, kati ya Yuma na Gila Bend. Indio iko namba 10. Anayetoka Los Angeles anapita Indio, anayetoka San Diego anapita Dateland. Usipotuambia hayo tutakuwa tunabahatisha.

Kijana wa Ngamiani
Indio! Mitende hadi macho yachoke, na ile aiskrimu ya kusaga na tende lazima muinywe. Halafu mwende oasisi ya Thousand Palms, haiko mbali. Pale ufa wa San Andreas, mpasuko mkubwa wa ardhi, umeziba maji yanayopita chini ya ardhi, yakapanda juu, ndiyo maana mitende ya asili imeota katikati ya ukame.

Bi Mwanaidi
Thousand Palms nakubali. Lakini mashamba ya Coachella yananyweshwa kwa mfereji unaoleta maji ya mto Colorado kutoka mbali. Hilo ni shamba la umwagiliaji, mwanangu, si oasisi. Aliyeomba oasisi apewe oasisi.

Kijana wa Ngamiani
Shikamoo Bi Mwanaidi. Kivuli ni kivuli tu, mtoto haulizi maji yametoka wapi.

Fundi Kombo
Mimi nataka tuzungumzie umeme, kwa sababu mashamba mengi hayasemi ukweli kuhusu umeme. Tulilala kwenye shamba moja jangwani mwezi wa Julai, jina sitalitaja. Kwenye simu tuliambiwa wana ampea 50, yaani umeme mwingi wa kutosha gari kubwa. Tukafika jioni, nguzo zote za kuunganishia gari ni za ampea 30, umeme mdogo. RV yetu ina viyoyozi viwili. Ukiwasha vyote, swichi inaruka. Ukiwasha kimoja, chumba cha nyuma kinakuwa tanuri. Ilipofika usiku majirani nao wakawasha vya kwao, umeme ukashuka hadi hicho kimoja nacho kikawa kinazima chenyewe. Mama mkwe yumo ndani, anatumia insulini, dawa ya kisukari inayotaka baridi, na friji yetu ni ile ya gesi, ambayo joto likizidi sana haipoi sawasawa. Nikamwamsha mwenye shamba, akaniambia nivumilie mpaka asubuhi. Sikukubali. Tulifungasha usiku ule ule, tukamkimbiza mama hotelini pamoja na dawa zake, na pesa hazikurudishwa. Kwa hiyo dada, waombe wakutumie picha ya ile nguzo ya umeme kabla hujalipa.

Dereva Masafa
Pole sana, Fundi. Ndiyo maana nilitaka kujua mwezi.

Bint Maskati
Kuna pia Harvest Hosts, unalipia uanachama kisha unalala kwa wakulima. Ila gari liwe na choo na maji yake, na kwa kawaida hakuna umeme wa kuunganisha. Mwezi wa Januari inafaa sana. Kiangazi hapana. Na tende za huko msizisifu mno kabla hamjaonja khalas, tende ya Oman.

Kijana wa Ngamiani
Tende ya Medjool ndiyo mfalme.

Bint Maskati
Hata hiyo Medjool si ya Marekani, kaka. Machipukizi 11 yalitolewa Morocco mwaka 1927, yakatengwa kwanza Nevada kwa kuogopa maradhi ya mitende, ndipo yakapelekwa California. Na Oman shamba la tende si mitende peke yake. Chini unakuta ndimu na migomba, na maji ya falaj, mfereji wa kumwagilia, yanagawiwa kwa zamu.

Mama Salha
Samahanini, nilikuwa kazini. Tunatoka San Diego, katikati ya Agosti, tunampeleka binti chuoni Tempe, karibu na Phoenix. Gari futi 31. Tuko na mama yangu kutoka Tanga na watoto wawili wadogo. Mume wangu anasema tupandishe hadi Death Valley, lile bonde la jangwa kule California.

Dereva Masafa
Agosti! Mwambie shemeji Death Valley aisahau. Kwanza mtakuwa mmeupa mgongo upande wa Phoenix, pili kampuni nyingi za kukodisha hazitaki magari yao yaingie huko kiangazi. Humo, pale Furnace Creek, ndipo palipoandikwa rekodi ya joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi mwaka 1913. Dateland iko njiani kwenu. Mkishuka milima ya namba 8 kuelekea Ocotillo tumieni gia ndogo, msikanyage breki muda wote, na upepo wa pale unayumba gari refu.

Fundi Kombo
Kwa joto hilo na bibi ndani, mimi ningelala hoteli Yuma, Dateland nikapita asubuhi kununua tende tu.

Bi Mwanaidi
Bibi ametoka Tanga, joto analijua. Mlazeni kwenye mitende.

Fundi Kombo
Joto la Tanga lina bahari, Bi Mwanaidi. Hili la jangwani linakausha mtu hajijui.

Mama Salha
Je, Agosti nitapata tende mpya? Mama anataka za kurudi nazo.

Bint Maskati
Mavuno ya Medjool huanza mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo nyingi mtakazokuta ni za msimu uliopita, zimetunzwa kwenye baridi. Waulize wenyewe. Na Fundi, ile friji ya gesi uliibadilisha?