Mrejesho: kizunguzungu cha miwani ya uhalisia pepe

Wakuu, niliuliza nifanyeje na wanafunzi wangu wa uuguzi wanaoshikwa na kizunguzungu wakivaa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayomwonyesha mtu mahali pa kuigiza kana kwamba yumo ndani yake, kwa ajili ya mazoezi. Aliyesema macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani haliuhisi, alilenga penyewe. Tumezima ule utembeaji wa kubonyeza kitufe, ambapo picha inasogea huku mwili umesimama. Sasa mwanafunzi anasimama kando ya kitanda kimoja, na zoezi halizidi dakika 10. Wamebaki wawili tu wenye kichefuchefu, nao wanafuatilia kwenye skrini.

Hatua za kuongeza damu wamezishika kweli: kuhakiki jina, kundi la damu, joto, mapigo, kisha kukaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo. Ila kutafuta mshipa, hapana! Kwenye miwani mshipa unaonekana tu, na vidole havipapasi hewa. Kwa hilo tumerudi kwenye mkono wa plastiki.